Mikuki ya Kanisa la Upanga

Wezi walipobeba spika mbili na kinanda
kamati ilikaa mpaka saa nne usiku
ikapitisha: ukuta uongezwe mikuki,
mia na ishirini, yenye ncha.
Wakaniita mimi, Rweyendera, fundi wa Gerezani,
kwa kuwa nasali pale
na kwa kuwa nitapunguza bei.

Bi Kokushubila akasema, Bwana mwenyewe aliwaambia
asiye na upanga auze joho anunue.
Mwinjilisti Anyelwisye akasema, soma mbele, mama,
walipomwonyesha panga mbili alijibu: Basi.
Basi ya kutosha, au basi ya kukoma?
Tulitazamana.
Katibu akaandika kwenye muhtasari: basi.

Chuma nilikitoa kwa wauza skrepa:
springi za lori, nondo za ghorofa lililovunjwa Kariakoo.
Mvukuto wangu ni feni ya gari.
Chuma kikishaiva kikawa chekundu hakina dhehebu.
Nabii mmoja anataka panga zifuliwe ziwe majembe,
mwingine, mbele huko, anataka majembe yafuliwe yawe panga,
na mimi mwenye nyundo ningewaambia wote wawili
kwamba kazi ni ileile, moto uleule, jasho lilelile.
Kinachobadilika ni aliyeleta oda.

Sikio langu la kushoto lilikufa mwaka sabini na tisa,
ng'ambo ya mto, mzinga ulipojibu mzinga.
Usiku ule tulilala katika nyumba ya watu waliokimbia.
Mezani wameacha Maandiko,
kwa lugha inayopakana na Kihaya changu,
nikasoma kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo:
mji ukazungukwa siku saba, kuta zikaporomoka,
wakaua wanaume na wanawake, vijana na wazee,
ng'ombe, kondoo,
hata punda.

Hata punda.

Nje mbuzi wa wenye nyumba alikuwa analia.
Nilimsikia kwa sikio lililobaki.
Asubuhi tulimla.

Ndiyo maana kila Ijumaa Kuu nangoja kituo kimoja tu:
bustanini, usiku, upanga umeshachomolewa,
sikio la mtumwa liko chini kwenye nyasi,
na yule waliyekuja kumkamata,
kabla ya kamba, kabla ya kesi,
analirudisha mahali pake.
Sijasikia mahubiri juu ya mtumwa huyo.
Alirudije nyumbani? Alilalia upande gani?
Keshoye waliposema "twende tena na marungu," alikwenda?

Mikuki niliipakia kwenye mkokoteni,
nikapita nayo mbele ya yule askari wa shaba katikati ya mji
aliyeelekeza singe yake bandarini.
Miaka yote hiyo hajamchoma mtu, na hajaishusha.
Mji kwa jina ni wa salama, mtaa wa kanisa ni Upanga.
Zamani nilikuwa nacheka.

Nilichomelea siku mbili. Mchungaji akaombea ukuta.
Nikalipwa nusu, nusu nyingine ni sadaka,
hivyo ndivyo walivyoniambia.

Jumamosi Tulinagwe, mfanya usafi,
alifua kitambaa cha madhabahu akakosa kamba,
akakitandaza juu ya mikuki kikauke.
Upepo ulipotoka baharini kikajivuta,
kikatoboka, tundu la kuingia kidole.
Alikaa kwenye ngazi akikishona, hasemi,
uzi mweupe mdomoni.

Nikatafuta mkuki ule.
Nikachukua tupa nikaulainisha ncha
mpaka nikaweza kuufunika kwa kiganja.
Kwa mbali hutautambua.
Imebaki mia na kumi na tisa,
na mkono wangu ulikuwa umechoka.